Rose Bowl haikuchezwa kila mwaka tangu 1902

Wengi hudhani Rose Bowl, mechi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu inayochezwa Mwaka Mpya huko Pasadena, California, haijawahi kukatika tangu 1902. Si kweli. Katika mechi ya kwanza, Mwaka Mpya wa 1902, Chuo Kikuu cha Michigan waliichapa Stanford 49-0, na Stanford wakaomba yaishe zikiwa zimebaki dakika 8. Waandaaji, ambao walichotaka hasa ni kunogesha gwaride lao la maua, wakaachana na mpira. Baadaye wakaleta mbio za magari ya kukokotwa na farasi, eti kama Warumi wa kale! Mpira ulirudi 1916. Uwanja wenyewe wa Rose Bowl ulifunguliwa 1922, na mwaka 1942, baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, mechi ilihamishiwa, kwa hofu kwamba California nayo ingeshambuliwa, Durham, North Carolina.