Hifadhidata ya seva ya saraka: kwa nini naanza na LMDB

Wanaofunga OpenLDAP, seva ya saraka (orodha ya watumiaji na taarifa zao, isomwayo kwa itifaki ya LDAP), mara nyingi huniuliza data yake ihifadhiwe wapi: tayari tuna PostgreSQL, hifadhidata ya SQL, kwa nini tusiitumie hiyo hiyo? Inawezekana, kupitia back-sql, sehemu ya OpenLDAP inayoiunganisha na hifadhidata ya SQL, lakini siishauri. Saraka ni mti, na ingizo moja (mfano, la mtu mmoja) laweza kuwa na namba tatu za simu na anwani mbili za barua pepe. Kila utafutaji itabidi ugeuzwe kuwa rundo la hoja za SQL. Watengenezaji wenyewe wanaihesabu kuwa ya majaribio. Kama una majedwali ya zamani unayotaka yasomeke kwa LDAP, sawa; zaidi ya hapo, achana nayo.

Zamani tulitumia back-bdb na back-hdb, zote juu ya Berkeley DB, hifadhidata ya Oracle. Zilikuwa na akiba (cache) tatu za kurekebisha: ya Berkeley DB yenyewe, ya maingizo na ya faharasa. Ukikosea moja, seva inakokota miguu. Halafu kuna kufuli zinazokwamishana, na faili za kumbukumbu za miamala zinazojaza diski usipozisafisha. Mwaka 2013 Oracle ikabadili leseni ya Berkeley DB kuwa AGPL, yenye masharti makali zaidi ya kutoa msimbo. OpenLDAP 2.5, ya mwaka 2021, iliziondoa back-bdb na back-hdb, na sikuzililia.

Iliyobaki ni back-mdb, inayotumia LMDB, hifadhidata ndogo iliyoandikwa na Howard Chu na kutoka 2011. Haina akiba yake: faili zima linaonekana kama sehemu ya kumbukumbu ya programu, na mfumo endeshi ndio unaoamua kipi kikae kwenye RAM. Anayeandika data ni mmoja tu kwa wakati, lakini hawazuii wanaosoma, kwa sababu kurasa (vipande vya faili) hunakiliwa kabla ya kubadilishwa. Saraka husomwa zaidi kuliko inavyoandikwa, hivyo hapo unapata faida kubwa kwa gharama ndogo.

Kitu cha kugusa ni maxsize, mpangilio wa ukubwa wa juu wa faili. Chaguo-msingi ni baiti 10485760, yaani MB 10, na hiyo haitoshi. Ikijaa utaona MDB_MAP_FULL kwenye logi: utafutaji unaendelea, uandishi unakataliwa. Weka kubwa bila woga. Ni dari tu, na kwa mipangilio ya kawaida faili hukua kadiri data inavyoongezeka.

Jihadhari pia na msomaji, yaani programu inayosoma data, anayekaa muda mrefu. Akiwa bado anasoma, kurasa za zamani haziwezi kutumika upya, na faili linavimba. Amri ya mdb_stat -r itakuonyesha ni nani. Faili likishavimba halipungui lenyewe. Mdb_copy -c hutoa nakala iliyobanwa.

Kama bado uko kwenye back-hdb, toa data kwa amri ya slapcat ya toleo la zamani kabla ya kupandisha toleo, maana slapd (programu ya seva ya OpenLDAP) mpya haitafungua faili hizo. Kisha ingiza data kwa amri ya slapadd -q. Inaenda mbio, ila ikikatika katikati, futa ulichoingiza uanze upya.