Mteja kujitangaza yupo dukani kwako si tangazo tosha

Wenye biashara wengi huamini kwamba mteja akibonyeza "nipo hapa" kwenye simu, mji mzima umepata habari. Sivyo. Taarifa ile huonwa zaidi na marafiki zake.

Chukua Foursquare, programu ya simu ya kuwatangazia marafiki mahali ulipo, iliyozinduliwa Marekani mwaka 2009. Aliyefika mahali siku nyingi kuliko wengine ndani ya siku 60 aliitwa meya wa hapo. Mwaka 2010 Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa, iliwapa mameya punguzo la dola 1 kwenye Frappuccino, kinywaji chake baridi. Lakini meya alikuwa mmoja tu kwa kila mgahawa, tena ndiye ambaye angekuja hata bila punguzo! Mimi ningemzawadia anayeingia mara ya kwanza, au anayeleta wenzake. Na kabla ya zawadi yoyote, hakikisha ramani inamfikisha mteja mlangoni pako, na saa za kufungua ni sahihi.