"Nimeshameza za Kuzuia, Daktari": Dhana Potofu Kuhusu Mzio wa Kontrasti

Wiki hii nimeisikia mara nne. Mtu anapanda kwenye meza ya CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ametulia kama aliyelala ndani ya chandarua: "Weka tu hiyo dawa ya rangi, mimi nimeshameza za kuzuia aleji."

Chandarua chenyewe kina matundu. Vidonge vile hupunguza uwezekano wa mzio, haviufuti. Aliyewahi kupata mzio wa kontrasti ya ayodini, ndiyo hiyo dawa ya rangi tunayochoma ili picha ionekane vizuri, anaweza kuupata tena hata akimeza kila kitu kwa saa yake, na mara nyingi unarudi kwa ukali uleule: aliyewashwa atawashwa, aliyebanwa pumzi ndiye anayenikosesha raha. Mara nyingi kontrasti huzichokoza moja kwa moja seli zinazohifadhi histamini. Steroidi, ndiyo dawa kuu kwenye vidonge hivyo vya kuzuia, huzituliza, ila polepole, kwa saa nyingi.

Mama mmoja wa Mbagala alimaliza dozi zote. Dakika chache baada ya sindano nikamwona anajikuna chini ya bangili. Alipopandisha mkono wa dera, vipele vilikuwa vimefika kwenye kiwiko. "Lakini nilimeza zote!" Alinitazama kama mimi ndiye niliyemdanganya. Bahati nzuri kanula, kile kimpira cha kupitishia dawa kwenye mshipa, ilikuwa bado mkononi na yeye yuko kwenye benchi letu, hajadandia daladala bado.

Tena huyo alimeza vizuri. Ratiba inayotumika sana ni prednisoloni, ambayo ni steroidi, miligramu 50, saa 13, saa 7 na saa 1 kabla ya kipimo, pamoja na antihistamini, dawa ya kuzima histamini, saa ya mwisho. Kipimo kikiwa saa nne asubuhi, unameza saa tatu usiku, saa tisa usiku na saa tatu asubuhi. Kwa vidonge vya miligramu 5, ni kumi kila mara. Basi mtu anaviona kumi, anaogopa, anameza kimoja. Mwingine hataki kuamka usiku, anavibugia vyote asubuhi akiwa kwenye foleni ya Mbagala Rangi Tatu. Steroidi iliyoingia chini ya saa nne kabla ya kipimo haijathibitika kusaidia, na piritoni mbili za duka la dawa hapo nje si mbadala wake. Dozi aandike daktari, na mwenye kisukari aseme mapema, maana sukari itapanda.

Kinachonikera zaidi ni kwamba swali la maana huwa halina jibu: mara ile ulichomwa kontrasti gani? Kubadilisha aina kunaweza kusaidia zaidi kuliko vidonge. "Ilikuwa nyeupe kama maji." Zote ziko hivyo! Piga picha lebo ya chupa kwa simu yako, uitunze kama namba ya NIDA. Kama mzio wako ulikuwa mkali, tuzungumze kwanza: huenda ultrasaundi au CT bila kontrasti ikatosha.

Dhana nyingine potofu nazipitia haraka. Kamba wa Feri wakikuvimbisha midomo, tatizo kwa kawaida ni protini yao, si ayodini. Ayodini unaila kila siku kwenye chumvi. Taja aleji zako na pumu, lakini kamba peke yao hawakunyimi kipimo. Joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni na kuhisi kama umejikojolea si mzio, hupita ndani ya dakika moja au mbili. "Ni mara yangu ya kwanza, sitadhurika": mzio huu unaweza kuja hata mara ya kwanza. Kontrasti ya MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ina gadolini badala ya ayodini, nayo ina mzio wake, ingawa ni nadra zaidi.

Mzio mkali ukianza, tegemeo letu ni adrenalini, sindano ya paja, na lazima uwe karibu ili tukuchome. Kwa hiyo bodaboda wako mwambie asubiri nusu saa baada ya sindano ya kontrasti. Akigoma, mlipe aondoke, utapata mwingine getini.