Ile E kwenye kioo cha gari sio daraja, na mengine tunayodanganyana kuhusu moshi na kelele

"Hii E1 bosi, ya Mjerumani, namba moja hiyo." Ukizunguka yadi za magari lazima ukutane nayo. Chungulia pembeni ya kioo au kwenye taa, utaona kaduara kadogo kana herufi E na namba, basi watu wanaisoma kama matokeo ya mtihani. Ile namba inataja tu nchi iliyoidhinisha kile kifaa: 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 11 Uingereza, 43 Japani, 47 Afrika Kusini. Kwahiyo E43 haijashika nafasi ya arobaini na tatu jamani. Na iliyoko kwenye kioo ni ya kioo, ya kwenye taa ni ya taa, hapo moshi haujaguswa kabisa.

Wengine wanasema hizo ni sheria za Ulaya, sisi hazituhusu. Chimbuko ni Ulaya kweli, mkataba wa 1958 wa Geneva chini ya UN, lengo likiwa kwamba kifaa kikishapimwa na kupitishwa nchi moja, wenzake wasianze kukipima upya. Ila Japani aliingia 1998, Afrika Kusini 2001, Tunisia, Misri na Nigeria nao wamo. Aliye nje ni Marekani, yeye ana vipimo vyake, akakubali tu ule mkataba mwingine wa 1998 wa kutunga kanuni za kiufundi kwa pamoja bila kulazimika kutambua vyeti vya mwenzake.

Sasa hii ndio inaniudhi zaidi: "gari haitoi moshi, ni safi". Oksidi za naitrojeni na kaboni monoksaidi, gesi zenye sumu zinazotoka pale nyuma, kwa kawaida huzioni, na hata kufaulu maabara sio ushahidi, kamuulize Volkswagen, yule Mjerumani anayeunda magari. 2015 Marekani waliwabaini wameweka programu inayojua gari ikiwa inapimwa, ikiwa kwenye kipimo inatulia kama malaika, ikirudi barabarani inatema oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa, na programu hiyo ilikuwa kwenye gari kama milioni 11 duniani. Waliofichua mwanzo ni watafiti waliofunga mashine ya kupimia kwenye gari wakaiendesha barabarani, na tangu Septemba 2017 Ulaya nao wanapima hivyohivyo kwa modeli mpya.

Halafu kuna anayenunua "Euro 4" (Euro ni viwango vya Ulaya vya gesi chafu za gari) akidhani itabaki Euro 4 milele. Kaka, hicho ni kiwango cha gari ikiwa mpya. Fundi akishang'oa masega, yale ya kwenye ekzosi yanayosafisha gesi chafu (humo ndani kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndio maana yana soko) hapo una bomba tupu, Euro yako imeishia hapo. Mafuta yenye salfa nyingi nayo yanayaua taratibu, ndio sababu Afrika Mashariki ilishusha salfa ya dizeli hadi ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni) kuanzia 2015. Na gari nyingine zinaondoka kwao tayari mbovu. Ripoti ya 2020 ya UNEP, shirika la mazingira la UN, ilihesabu gari ndogo za mitumba milioni 14 zilizouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, fungu kubwa kuliko yote likaja Afrika, na Waholanzi walipokagua za kwao zinazokuja huku wakakuta nyingi hata cheti halali cha ukaguzi hazina.

Kelele nayo sio ekzosi peke yake, ukishakolea mwendo tairi ndizo zinazopiga kelele kuliko injini, ndio maana tairi zina kanuni yake. Ulaya wameshusha gari ndogo za kawaida kutoka desibeli 72 hadi 68 kwa awamu, watu wanacheka eti nne tu, wakati kila desibeli 3 ni kukata nguvu ya sauti nusu. Na gari ya umeme haiachwi iwe kimya kabisa: kanuni ya UN ya 2016 inaitaka itoe sauti ikiwa chini ya kilomita 20 kwa saa, hasa kwa ajili ya wasioona.

La mwisho, kwamba haya mambo ya kimataifa ni vikao vya kula posho. Vikao vipo sana tu. Ila petroli yenye risasi (ile metali yenye sumu) iliondolewaje? Nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar 2001, ilipofika mwanzo wa 2006 zimeiacha, na Algeria, wa mwisho duniani, akafunga pampu Julai 2021.