Kwa nini ndizi ya Marikiti haina mbegu

Kata ndizi mbivu vipande vya mviringo, kisha uangalie katikati ya kipande kimoja. Utaona vidoa vyeusi, vidogo kama unga wa kahawa. Hapo ndipo mbegu zingekaa. Ndizi mwitu za misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki zina mbegu kwelikweli, ngumu za kuvunja jino. Hizi za sokoni Marikiti hazina. Wanafunzi wanaotutembelea maabara hapa Nairobi huniuliza zilikwenda wapi, nami nalipenda swali hilo. Jibu lake linafundisha meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu za uzazi, kuliko ile orodha ya hatua wanayokariri usiku wa kuamkia mtihani.

Tuanze na mitosisi, mgawanyiko wa seli wa kila siku. Huo huwaonyesha wajionee wenyewe: tunakata ncha ya mzizi wa kitunguu, tunaitia rangi, tunaifunika kwa kioo chembamba na kuibonyeza kwa kidole gumba mpaka seli zitandazike. Kwenye hadubini kromosomu, nyuzi zinazobeba maelekezo ya urithi, huonekana kama vipande vya uzi vilivyochovywa kwenye wino. Kila moja imekwisha kunakiliwa. Seli ikigawanyika, nakala moja huenda huku, nyingine kule. Kitunguu kina kromosomu 16, na seli mbili mpya hutoka na 16 zilezile. Ndivyo mzizi unavyorefuka, na ndivyo ngozi iliyokatwa na kisu inavyoziba.

Meiosisi hufanyika mahali pachache tu: kwenye korodani, kwenye ovari, na kwa mimea ndani ya ua. Binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu za mama na nusu za baba. Kama yai na mbegu ya kiume vingebeba 46 kila kimoja, mtoto angekuwa na 92 na mjukuu 184. Kwa hiyo seli hunakili kromosomu mara moja, lakini hugawanyika mara mbili.

Utamu wote uko kwenye mgawanyiko wa kwanza. Kromosomu iliyotoka kwa mama huitafuta ya baba inayolingana nayo, zikalala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Mitosisi haina mambo hayo. Kisha jozi hutengana, na ipi iende upande gani ni bahati nasibu, kama karata zinavyochangwa kabla ya kugawiwa. Kwa jozi 23, kutengana huko peke yake kunaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8, kabla hujahesabu vipande vilivyobadilishwa. Mgawanyiko wa pili unafanana na mitosisi, sitaurefushia maneno: nakala hutengana, na kila seli inabaki na kromosomu 23. Kwa mwanamume seli zote nne huwa mbegu. Kwa mwanamke moja tu ndiyo huwa yai, na kazi hiyo ilianza yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mamake.

Turudi kwenye ndizi. Ndizi mwitu ina kromosomu 22, jozi 11 kamili. Nyingi tunazokula zina 33, yaani kila kromosomu iko mara tatu, na tatu haigawanyiki kwa mbili. Wakati wa kutengana ukifika, hesabu inavurugika: seli hii inazidishiwa, ile inapunjwa. (Kwa binadamu, yai au mbegu ikizidishiwa kromosomu ya 21 tu, mtoto huzaliwa na hali ya Down.) Mbegu ya ndizi haiwezi kujengeka kwa hesabu hiyo. Tunda lenyewe hunenepa bila kurutubishwa, nasi tunabakiwa na vidoa.

Basi mgomba umebaki kuishi kwa mitosisi. Mkulima hung'oa chipukizi shinani akalipanda kwingine. Maabara nazo hukuza miche kutoka kwenye kipande kidogo cha chipukizi. Ladha haibadiliki, ila ugonjwa ukimuweza mmoja umewaweza wote. Mnyauko wa Fusariamu, ugonjwa wa kuvu, uliifagia aina ya Gros Michel hivyohivyo kwenye mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, na kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara walikuwa wamehamia aina nyingine.

Kupata aina mpya kunahitaji karata zichangwe tena, na mgomba hautaki. Watafiti wa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo la Uganda, na wenzao wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, wamefanikiwa kutoa ndizi chotara ziitwazo NARITA, lakini kwa jasho: unapaka chavua ua kwa ua, unasubiri mkungu ukomae na kuiva, unamenya, unaponda na kuchuja ndizi zote, halafu unapekua kwenye chujio ukitafuta mbegu moja.