Unatafuta mpaka wa shamba kijijini? Anza na jirani, simu baadae

Mvua zikikaribia tu huku ofisi ya ardhi zinaanza kesi zilezile, mtu anaingia anasema jirani kala mpaka, kaingia hatua tano, na anataka mpimaji aje kesho. Sasa ndugu yangu, kwa shamba la kijijini ambalo halijawahi kupimwa, hata mpimaji aje na mashine ya mamilioni lazima aulize kwanza mpaka unapita wapi, maana mashine haijui babu zenu waliachiana vipi. Kuutafuta ni kazi yenu na mnaweza kuianza bila yeye.

Kama kuna karatasi ya mauziano itoe. Nyingi zimeandikwa kaskazini anapakana na fulani, kusini na fulani, mashariki njia ya ng'ombe, na hayo maneno ya kupakana ndo ya kushika kuliko ukubwa. Ekari zetu zinapimwa kwa miguu, hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa yadi moja, yaani kama sentimita 91, unapata ekari na kachenji kidogo, ila mtu mfupi wa hatua ya sentimita 80 anakupa mita 56 kwa 56 ambazo ni robo tatu ya ekari na kidogo, na mrefu wa hatua ya mita nzima anakupa ekari moja na moja ya tano. Kwahiyo karatasi ikisema ekari 3 ukapata 2 na nusu usikimbilie kusema umeibiwa.

Halafu nendeni shambani mkishavuna, nyasi zikiwa chini. Tafuteni minyaa, mkonge, mbono, mawe yaliyopangwa, na Uchagani masale, ambayo kule ni alama ya mpaka na ya kuombana msamaha pia. Minyaa ya zamani ina shina nene la kijivu lenye magamba, iliyopandwa juzi ni vijiti vya kijani, na ukikuta vijiti vimetoka nje ya mstari wa visiki hapo uliza. Kwenye mteremko angalia ardhi yenyewe, watu wawili wakilima miaka mingi kila mmoja akaishia mpakani udongo unatengeneza kama ngazi, upande wa juu umejaa na wa chini umechimbika, na ngazi hiyo huwezi kuihamisha usiku. Mto usiutegemee sana, unahama, na sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Waiteni wapakani wote, sio mmoja, na wazee wanaokumbuka. Na akina mama jamani, mama aliyepalilia hapo miaka 30 anaujua mpaka kuliko mzee anayeshinda kijiweni. Mkikubaliana kona fungeni kitambaa, mwende kona inayofuata.

Simu ndo inakuja sasa. Sehemu ya wazi jipiesi (GPS) ya simu, ile inayoonyesha ulipo kwa satelaiti, inakosea kama mita 3 hadi 5, chini ya miembe zaidi, na mita 5 kwenye upande wa mita 60 ni mita za mraba 300, hiyo si ndogo. Itumie kutunza kumbukumbu za kona na kupiga picha, isiwe hakimu. Google Earth, programu ya picha za satelaiti, ina picha za miaka ya nyuma, unaweza kuuona mstari wa miti uliokatwa, ila picha za miaka tofauti huwa zinasogea mita kadhaa.

Mkimaliza pandeni alama pamoja, andikeni, wapakani wasaini mbele ya mwenyekiti na mtendaji. Hiyo sio hati lakini ukiomba hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kamati ya uhakiki itapita mipaka hiyohiyo na watakuta kazi imeshafanyika. Jirani akigoma usipande wala kung'oa kitu, nenda baraza la ardhi la kijiji, wajumbe 7 na angalau 3 wanawake, wawasuluhishe. Ikishindikana mnaenda baraza la kata, ambako tangu 2021 wanasuluhisha tu hawatoi hukumu, na wakishindwa ndo kesi inafunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.