Nafaa kuwekewa implanti ya jino? Haya ndo tunayoangalia kabla ya kukujibu

Wengi wakifika kliniki kutaka implanti, yaani jino la bandia linalopandikizwa kwenye mfupa wa taya, wanauliza bei kwanza, alafu umri. "Dokta, mama yangu ana miaka 72, si ashachelewa?" Hajachelewa. Uzee peke yake haumzuii mtu, mzee wa miaka 80 mwenye afya anaweza kupona vizuri kuliko kijana wa 30 anayemaliza pakiti ya sigara kwa siku. Umri unaotuzuia ni ule mdogo. Taya la kijana bado linakua na implanti haikui nalo, inabaki palepale ilipowekwa huku meno ya jirani yanaendelea kusogea, baada ya miaka kadhaa lile jino linaonekana limezama na limekuwa fupi kuliko wenzake. Binti tunamsubirisha mpaka kama miaka 18, mvulana hata 20 na kitu, kwa muda huo atumie jino la bandia la kuvua.

Implanti ni skrubu ndogo ya titani inayopandikizwa ndani ya mfupa wa taya. Mfupa unaishika taratibu mpaka inakuwa kama sehemu yake, jambo ambalo Msweden Per-Ingvar Brånemark aliligundua miaka ya 1950 na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wake wa kwanza. Kushika huko kunachukua miezi 3 mpaka 6, ndo baadae kofia ya jino, ile sehemu inayoonekana mdomoni, inafungwa juu. Sasa ukielewa hapo utaelewa kwanini tunakuuliza maswali mengi, maana yote yanazunguka vitu vitatu tu: mfupa upo wa kutosha? kidonda kitapona? na ikishapona utaitunza?

Tuanze na mfupa maana hapa ndo watu wengi wanakwama bila kujua. Jino likishang'olewa mfupa uliokuwa unalishikilia unaanza kuisha wenyewe, ndani ya mwaka mmoja upana wake unaweza kupungua karibu nusu na sehemu kubwa inaondoka ile miezi 3 ya mwanzo. Sasa mtu kang'oa gego mwaka 2009 anakuja leo, ukimwangalia kwa macho fizi imejaa vizuri kabisa, ukipiga picha chini yake mfupa ni mwembamba kama upanga. Implanti ya kawaida ina upana wa kama mm 4 na inataka mfupa unaoizunguka pande zote, kwa hiyo tunatafuta upana wa mm 6 au 7 hivi. Urefu nao unahesabika, taya la chini kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya mfupa na lazima tuubakizie nafasi ya mm 2, ukiguswa mdomo na kidevu vinaweza kubaki na ganzi muda mrefu au moja kwa moja. Taya la juu huku nyuma kuna uwazi wa hewa, sinasi. Ndo maana eksirei ndogo ya jino moja mara nyingi haitoshi, tunahitaji picha ya taya zima na pale panapobana tunakutuma CT skani ya meno inayoonyesha mfupa pande zote. Daktari anayekuambia "unafaa" kwa kukufungua mdomo tu na tochi, naomba usimlipe hela bado. Na mfupa ukipungua haimaanishi basi, unaweza kuongezwa, ila gharama inapanda na muda unarefuka.

Fizi zinazotoa damu na meno yanayocheza lazima vitibiwe kwanza. Ugonjwa uleule uliokung'oa meno utaila na implanti.

Sukari: kuwa na kisukari hakukufungii mlango, sukari isiyodhibitiwa ndo inafunga. Tunaangalia kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi 2 mpaka 3, ikiwa chini ya asilimia 7 tunaendelea kwa amani, ikipita 8 wengi wetu tunakurudisha kwa daktari wako kwanza. Sigara nayo inaongeza uwezekano wa implanti kutoshika karibu mara mbili, na shisha usiniambie ni moshi wa matunda, ni tumbaku ileile.

Hapa kwenye dawa naomba tusikilizane sana. Kuna dawa za kuimarisha mifupa, kama vidonge vya alendronati kwa akina mama waliokoma hedhi au sindano ya zoledronati kwa wagonjwa ambao saratani imefika kwenye mifupa, zinaweza kufanya mfupa wa taya ushindwe kupona baada ya upasuaji, ukabaki wazi na kuanza kufa. Ile sindano ya saratani ndo hatari zaidi. Na inakaa mwilini muda mrefu sana, kwa hiyo hata kama uliacha mwaka juzi tuambie. Hivohivo kama ulipigwa mionzi ya kichwa na shingo pale hospitali ya saratani ya Ocean Road au popote pengine. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama wafarini au aspirini asiache mwenyewe nyumbani ili "damu isitoke sana", kuacha hovyo kunaweza kuleta kiharusi, sisi na daktari wako wa moyo tutapanga.

Na ndugu zetu wanaoishi na VVU, wengi wanaficha wakidhani tutawakataa. Ukiwa unameza dawa vizuri, virusi vimefubaa na CD4 (seli za kinga ya mwili) ziko juu, unaweza kuwekewa kama mtu mwingine yeyote. Sema tu, ni siri yako na yetu. Mjamzito tunamsubirisha ajifungue, aliyepata shtuko la moyo au kiharusi tunasubiri kama miezi 6. Anayesaga meno usiku tunamtengenezea kinga ya kuvaa akilala.

Kuna jingine linaniumiza. Vijana kutoka Arusha na Meru, walikokunywa maji yenye madini mengi ya floridi utotoni, wanakuja na meno ya kahawia lakini mazima na magumu wakitaka yang'olewe yote wawekewe implanti. Jamani hapana! Jino zima lenye mzizi wake halina mbadala, rangi inarekebishika kwa kung'arisha au kulifunika kwa mbele, na bei yake ni ndogo kuliko ya implanti.

Siku ya kwanza njoo na dawa zako zote kwenye maboksi yake, kadi ya kliniki na majibu ya vipimo vya karibuni. Na kama jino bovu bado liko mdomoni na umeshaambiwa litoke, uliza kuhusu implanti kabla halijang'olewa, kwasababu tunaweza kulitoa taratibu bila kuvunja mfupa, na kwa wengine tukajaza shimo siku hiyohiyo ili mfupa usipungue sana.